DAWA ZA MIFUPA: TUPIME KABLA YA KUMEZA, TUPIME PIA KABLA YA KUKATAA

Na Mwandishi Wetu, Juba

Katika mtaa wa Gudele hapa Juba yupo mama mmoja, mwenye umri uliokwisha pita miaka sabini, ambaye kwa muda wa miezi tisa aliishi na pakiti ya vidonge juu ya rafu yake asimeze hata kimoja. Vidonge hivyo alipelekewa na binti yake aliyeko Kampala, baada ya mama huyo kuteleza mlangoni pake siku ya mvua, akiwa na jerikeni ya maji mkononi, akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, akarudi nyumbani na mkongojo, na pakiti ikangoja.

Si kwamba mama alisahau. Watoto wake hawakupatana. Mwanawe wa kiume, ambaye ni sajini na tunafanya naye kazi, alitujia ofisini siku moja na pakiti ile mfukoni.

“Afande,” alituambia, “wewe umesoma. Dada yangu wa Kampala asema mama ameze. Kaka yangu wa Melbourne apiga simu kila Jumapili kusema kuwa dawa hizi huvunja fupa la paja na kuozesha taya. Mfanyabiashara mmoja naye asema tuachane na vidonge, kuna sindano iliyo bora zaidi. Mimi nimo katikati. Yupi kati yao asema kweli?”

Sisi si madaktari, na makala haya hayachukui nafasi ya daktari. Lakini tuliona kuwa swali la sajini ni swali la nyumba nyingi, kwa hiyo tukawauliza wanaojua na tukasoma yaliyoandikwa. Tuliyoyapata ni haya: wote watatu walisema kweli, ila kila mmoja aliusema upande mmoja tu wa mizani.

MFUPA HUBOMOLEWA NA KUJENGWA

Wengi wetu hudhani kuwa mfupa ni kama nguzo ya mti mkavu iliyosimamishwa mara moja. Sivyo. Mfupa u hai. Ndani yake zimo chembe zinazobomoa sehemu zilizochakaa, na chembe nyingine zinazojenga upya mahali palipobomolewa. Ujanani wajenzi huwashinda wabomoaji. Katika umri wa makamo hulingana. Mwanamke anapokoma hedhi, homoni iliyokuwa ikiwazuia wabomoaji hupungua, nao huanza kufanya kazi kwa kasi kuliko wajenzi. Wanaume nao hupatwa na hali hiyo, ingawa kwa kawaida huchelewa.

Miaka inavyopita mfupa huwa mwepesi na wenye matundu mengi kama sega la nyuki lililokauka. Wataalamu huuita ugonjwa huu osteoporosisi. Hauumi wala hauleti homa. Hujulikana siku mtu anapoanguka kwa kimo chake tu, tena kwa kuteleza kidogo, akavunjika kifundo cha mkono au nyonga. Pengine pingili za uti wa mgongo hujikunja zenyewe, mzee akafupika na kupata kibiongo, nasi tukasema kwamba huo ni uzee tu.

Kwa muda mrefu ilisadikiwa kuwa jambo hili si la Waafrika. Mwaka 1968 daktari Louis Solomon alichapisha utafiti kutoka Johannesburg, ulioonyesha kuwa Waafrika wa huko walivunjika nyonga kwa nadra sana wakilinganishwa na Wazungu. Utafiti huo ulikuwa wa haki kwa wakati wake, lakini wengi waliusoma kana kwamba Mwafrika hana haja ya kujihadhari. Tafiti za miaka ya karibuni kutoka Afrika Kusini na Botswana zimeonyesha kuwa wazee wetu nao huvunjika nyonga, na kwamba jambo hilo si la kupuuzwa.

Zaidi ya hayo, zipo dawa tunazozihitaji kwa maradhi mengine ambazo hupunguza mfupa. Mojawapo ni prednisoloni ikitumiwa kwa muda mrefu. Nyingine ni tenofoviri, iliyomo katika dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na vile vile sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu. Hatusemi hata kidogo kwamba mtu aziache, kwani faida yake ni kubwa na kuziacha ovyo kwaweza kuleta hatari kubwa zaidi. Twasema tu kwamba mwenye kuzitumia amkumbushe daktari habari ya mifupa yake.

UPANDE WA FAIDA

Dawa zinazotumika zaidi ni za jamii iitwayo bisifosifoneti. Hizi hujishikiza kwenye mfupa na kuwapunguza kasi wale wabomoaji. Alendroneti, ambayo ndiyo iliyokuwa rafuni kwa mama wa Gudele, iliruhusiwa Marekani mwaka 1995 kutibu ugonjwa huu, na siku hizi humezwa mara moja kwa wiki. Dada yake, asidi ya zoledroniki, hutiwa mshipani kwa dripu kwa muda wa robo saa hivi, mara moja kwa mwaka.

Je, zafaa? Mwaka 1996 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa wanawake 2,027 ambao pingili zao zilikuwa zimekwisha vunjika. Walifuatiliwa kwa takriban miaka mitatu. Katika kila wanawake 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa, 15 walipata mvunjiko mpya wa pingili. Kwa waliopewa alendroneti walikuwa 8. Waliovunjika nyonga walikuwa 22 katika kila 1,000 bila dawa, na 11 kwa dawa.

Mwaka 2007 ukaja utafiti mwingine unaomhusu hasa mtu aliye katika hali ya mama yetu. Watu 2,127, wanawake kwa wanaume, waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa nyonga iliyovunjika, waligawanywa. Nusu yao walipewa dripu ya asidi ya zoledroniki katika siku 90 za mwanzo baada ya upasuaji, na nusu nyingine dripu isiyo na dawa. Katika muda wa takriban miaka miwili, waliovunjika tena walikuwa karibu 14 katika kila 100 kwa wasiopata dawa, na chini ya 9 kwa walioipata. La kutazamwa zaidi ni hili: waliofariki walikuwa 13 katika kila 100 upande wa wasiopata dawa, na chini ya 10 upande wa walioipata.

Msomaji na akumbuke kwamba kuvunjika nyonga si jambo dogo. Katika nchi za Ulaya na Marekani, zenye hospitali nyingi na magari ya wagonjwa kila kona, hukadiriwa kuwa kiasi cha mzee mmoja katika kila watano waliovunjika nyonga hufariki kabla ya mwaka kwisha. Hao wengine, wengi wao hawarudii tena mwendo wao wa zamani.

UPANDE WA HASARA

Yale ayasemayo kaka wa Melbourne nayo si uzushi. Tangu mwaka 2003 madaktari wa meno wameandika habari za wagonjwa waliotumia dawa hizi ambao sehemu ya mfupa wa taya ilikufa, hasa baada ya kung'olewa jino. Wengi wao walikuwa wagonjwa wa saratani waliopewa kiasi kikubwa mara kwa mara. Kwa anayetibiwa udhaifu wa mifupa jambo hili ni la nadra sana, lakini lipo. Ndiyo maana mwenye meno mabovu hushauriwa ayatibu kwanza kabla ya kuanza dawa.

Kadhalika, baadhi ya waliotumia dawa hizi kwa miaka mingi wamevunjika fupa la paja katikati, mahali ambapo si desturi kuvunjika, na pengine bila kuanguka. Dalili yake ya mapema ni maumivu ya paja au ya kinena yasiyoondoka. Mtu akisikia maumivu hayo asinyamaze.

Swali la haki ni kiasi gani. Mwaka 2020 yalichapishwa mahesabu yaliyotokana na kumbukumbu za wanawake wengi wa California. Kwa kila wanawake wa Kizungu 10,000 watakaotumia dawa hizi kwa miaka mitatu, mivunjiko 149 ya nyonga huepukwa, na mivunjiko 2 ya paja ya namna hiyo hutokea. Kwa wanawake wenye asili ya Asia, 91 huepukwa na 8 hutokea. Hatari huongezeka kadiri miaka ya kutumia inavyoongezeka, na hupungua upesi mtu anapoacha. Kwa sababu hiyo madaktari wengi humpumzisha mgonjwa baada ya miaka mitano ya vidonge, au mitatu ya dripu, ikiwa hatari yake si kubwa mno. Hapana budi tuseme pia kwamba Waafrika wamekuwa wachache mno katika tafiti hizi. Tunaazima hesabu za watu wengine, na mwenye kuazima nguo hujipima kabla ya kutoka nayo.

Fundisho jingine lilitoka katika dawa za homoni. Kwa miaka mingi wanawake waliokoma hedhi walipewa homoni kwa matumaini ya kulinda mifupa na moyo pia. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani wa homoni mbili zilizochanganywa ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka, waliovunjika nyonga walipungua kwa 5, lakini waliopata saratani ya matiti waliongezeka kwa 8, wa kiharusi kwa 8, na wa damu kuganda mapafuni kwa 8. Mfupa ulifaidika, mwili mzima ukalipa. Tangu hapo imefahamika kuwa haitoshi kuuliza kama dawa yaimarisha mfupa. Yafaa kuuliza pia inamfanya nini mwenye mfupa.

MIZANI YA JUBA

Hadi hapa tumesema yale ambayo yangeweza kusemwa katika mji wowote. Lakini dawa haimezwi vitabuni. Humezwa nyumbani kwa mtu.

Tuanze na kidonge. Alendroneti hutakiwa kumezwa asubuhi, tumbo likiwa tupu, kwa bilauri nzima ya maji matupu, na baada ya hapo mtu akae wima au asimame kwa muda usiopungua nusu saa bila kula wala kunywa kitu kingine. Akikimeza kwa chai ya maziwa, kama ilivyo desturi ya asubuhi yetu, dawa karibu yote hupotea bure. Akilala mara baada ya kumeza, kidonge chaweza kuunguza umio. Mzee mwenye kiungulia kikali, au asiyeweza kukaa wima kwa maumivu ya mgongo, kidonge hiki hakimfai, hata kama kimetumwa kwa mapenzi.

Dripu huondoa taabu hiyo, lakini ina masharti yake. Figo zipimwe kwanza, kwa sababu mwenye figo dhaifu sana hapaswi kuipata. Upungufu wa vitamini D na wa kalsiamu utibiwe kabla, kwani damu yaweza kupungukiwa kalsiamu ghafula. Na katika utafiti mkubwa wa mwaka 2007, karibu theluthi ya wanawake waliopata dripu ya kwanza walipata homa, maumivu ya misuli na ya kichwa kwa siku chache. Hapa kwetu homa ya namna hiyo huitwa malaria hata kabla ya kipimo. Ni vema nyumba nzima ijue mapema, wapime malaria kama kawaida, na wasitishike.

Sindano aliyoisifu yule mfanyabiashara huitwa denosumabu. Hudungwa chini ya ngozi kila baada ya miezi sita, na nguvu yake ya kuzuia mivunjiko imethibitishwa katika utafiti uliotangazwa mwaka 2009. Lakini ina tabia moja ambayo muuzaji hakuitaja. Bisifosifoneti hubaki mfupani kwa miaka hata mtu akiacha. Denosumabu haibaki. Sindano ikichelewa, wabomoaji huamka kwa ghadhabu, na baadhi ya wagonjwa wamevunjika pingili kadhaa kwa mpigo. Anayeianza hana ruhusa ya kuiacha bila kupewa dawa nyingine ya kushika zamu. Tena yapaswa kuhifadhiwa katika jokofu, kati ya nyuzi 2 na 8.

Sasa na tuutazame mji wetu. Mwezi Machi 2024 Serikali ilifunga shule kwa sababu ya joto lililotabiriwa kufikia nyuzi 45. Majokofu mengi hapa hutegemea jenereta. Bidhaa nyingi za madukani hutufikia kwa barabara ya Nimule, ile ya kilomita 192 iliyokamilika mwaka 2012. Na sote twakumbuka mapigano ya Desemba 2013 na ya Julai 2016, jinsi maduka yalivyofungwa na watu walivyotawanyika. Wapo waliozoea kwenda Khartoum kutibiwa, hadi vita vilipozuka huko Aprili 2023. Sisi tuliopitia shule ya makadeti tulifundishwa kutosonga mbele kabla ya kujua ugavi utapita njia gani. Dawa isiyovumilia kuchelewa, katika mahali ambapo njia hukatika, yaweza kumgeukia mwenyewe.

Kinyume chake, dripu yaonekana kuvumilia mazingira kama yetu. Mwezi Januari 2025 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa miaka kumi wa wanawake 1,054 wa New Zealand, wenye umri wa kati ya miaka 50 na 60 walipoanza. Waliopata dripu mbili, ya pili miaka mitano baada ya ya kwanza, walivunjika pingili 6 katika kila 100. Waliopata dripu moja tu walikaribia 7. Wasiopata dawa walikuwa 11. Hao walikuwa na umri mdogo kuliko mama yetu na mifupa yao haikuwa imedhoofika kama yake, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba dripu moja yamtosha. Lakini twaona kuwa dawa hii haimtupi mtu mara moja njia inapokatika.

SI KILA MWENYE MAUMIVU

Tusije tukakimbilia maduka ya dawa kwa kila goti linalouma. Tulipokuwa makuruta tuliwaona wenzetu wakipata nyufa za mifupa ya miguu kwa kutembezwa mwendo mrefu. Huko Israeli walijaribu kuwapa makuruta dawa mojawapo ya jamii hii ili kuzuia nyufa hizo, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2004 hayakuonyesha faida. Lakini jeshi la wanamaji la Marekani lilipowapa makuruta wa kike kalsiamu na vitamini D, nyufa zilipungua kwa asilimia 20, kama ilivyotangazwa mwaka 2008. Kijana mwenye mfupa mzima huhitaji chakula na mazoezi ya hatua kwa hatua.

Na hapa kwetu chakula hicho hakiko mbali. Tunayo maziwa ya ng'ombe wetu, ufuta, samaki wadogo wanaoliwa na miiba yao, na mlenda unaoitwa kudra. Jua tunalo tele. Kutembea na kubeba mizigo ya kiasi huimarisha mfupa, wakati tumbaku na pombe nyingi huudhoofisha. Lakini tusijidanganye: kwa mzee aliyekwisha vunjika, maziwa peke yake hayatoshi.

Kwa hiyo kipimo ni hiki. Kadiri hatari ya kuvunjika ilivyo kubwa, ndivyo faida ya dawa inavyozidi madhara yake. Aliyekwisha vunjika nyonga au pingili kwa kuanguka kidogo yumo katika kundi la kwanza. Asiyewahi kuvunjika na ambaye hana sababu nyingine, na azungumze na daktari pasipo haraka.

ULINZI WA MGUU ULIOBAKI

Turudi Gudele. Mama alipopelekwa kwa daktari, picha ya eksirei ilionyesha kuwa katika miezi ile tisa ya mabishano pingili moja ya mgongo ilikuwa imejikunja. Maumivu ya kiuno aliyokuwa akiyalalamikia, na ambayo nyumba nzima iliyaita uzee, yalikuwa mvunjiko wa pili. Zile siku 90 zilizofaa sana zilikuwa zimekwisha pita zamani. Sajini aliinamisha kichwa, wala hakusema neno.

Daktari aliiweka kando pakiti ya Kampala, kwa kuwa mama alikuwa na kiungulia na hakuweza kukaa wima. Sindano ya miezi sita hakuipendekeza. Akataka figo zipimwe, jino moja bovu ling'olewe na kidonda kipone, na vitamini D itangulie. Kisha akamweleza mama habari ya dripu, faida na hasara, bila kuficha la paja wala la taya.

Mama, ambaye Kiswahili chake alikipata katika miaka ya ukimbizini huko Kakuma, alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, “Mwanangu, dawa hii itanirudishia mguu wangu?”

“Hapana, mama,” daktari akajibu. “Mguu ule umekwisha. Hii ni ya kuulinda huu mwingine.”

“Basi huu uliobaki na ulindwe,” akasema mama.

Alipata homa siku mbili, akapimwa malaria, hakuwa nayo, ikapita. Leo anatembea na mkongojo wake hadi kanisani. Hatuwezi kuahidi kuwa hataanguka tena, na hakuna dawa inayoweza kuahidi hivyo. Ndiyo maana sajini ameweka saruji penye ule mlango ulioteleza na taa mahali palipokuwa na giza, na jerikeni sasa hubebwa na wajukuu.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yupo mzee aliyevunjika kwa kuanguka kidogo, usiihukumu dawa kwa simu ya Jumapili, wala usiimeze kwa sababu imetumwa na mpendwa. Mpeleke kwa daktari, uulize mambo matatu: hatari yake ya kuvunjika tena ni kiasi gani, dawa hii yaweza kumdhuru vipi, na je, tutaweza kuiendeleza katika mwaka mgumu? Ukijibiwa hayo matatu, amua, na uamue mapema. Mwenzetu aliijutia miezi tisa.